Maswali ya Wasomaji: Moto wa Montag una sura ngapi?

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja: riwaya ya kisayansi ya Ray Bradbury, Fahrenheit 451, iliyochapishwa Marekani mwaka 1953. Kwa asiyeijua, kisa ni hiki. Katika Marekani ya siku zijazo vitabu ni marufuku, na askari wa zimamoto hawazimi moto, wanauwasha. Wakipata taarifa kwamba nyumba fulani ina vitabu, wanakwenda kuvichoma pamoja na nyumba yenyewe. Guy Montag ana miaka 30, ameifanya kazi hiyo miaka 10 na anaipenda. Halafu anaanza kuficha kwake vitabu alivyotumwa kuteketeza. Nimekifundisha kitabu hiki na mpaka leo nakisoma kwa hamu, kwa hiyo safu yote ni yake.

*

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Minneapolis na wanangu. Kijana wangu yuko darasa la kumi. Wamepewa insha: eleza jinsi ishara ya moto inavyoonyesha mabadiliko ya Montag. Ameandika kwamba mwanzoni moto ni ishara ya uharibifu na mwishoni ni ishara ya matumaini. Mwalimu wake ameirudisha, pembeni ameandika tu, "Kivipi?" Mtoto amekasirika, anasema ndivyo ilivyo kwenye mtandao. Nimekisoma kitabu mwenyewe usiku nikitoka zamu. Nimekielewa, ila sijui nimsaidieje bila kumwandikia.
Mama wa mwanafunzi, Minneapolis

JIBU: Marahaba mama, na pole na zamu za usiku. Kukisoma kwako ni msaada mkubwa kuliko unavyodhani, maana mtoto akijua kwamba nawe umeona alichokiona, anapata mtu wa kubishana naye.

Mwalimu wake ameuliza swali la haki. Kijana ametaja mwanzo, akataja mwisho, akaruka katikati. Na Montag anabadilikia katikati.

Mwambie afunge huo ukurasa wa mtandao, achukue penseli, afungue kitabu tangu mwanzo, aweke alama kila mahali moto unapowashwa. Kila alama ajiulize mambo matatu: nani ameushika, umewashwa kwa kitu gani, na mwanga wake unamwonyesha nani. Swali la "una maana gani" aliweke kando kwanza. Wanafunzi wengi hulikimbilia hilo, kisha wakabaki na neno moja, "uharibifu", ambalo lingefaa kitabu chochote chenye moto.

Akifanya hivyo ataona mambo ambayo ule muhtasari haukumwambia. Ukurasa wa kwanza Montag ameshika bomba la mafuta ya taa, kofia yake ina namba 451, anatabasamu. Nyumba inaungua, vitabu vinakufa kama njiwa barazani, ila hatuonyeshwi uso wa mtu yeyote isipokuwa wake. Huo ndio moto wa kwanza: unamwonyesha Montag peke yake.

Usiku huohuo, akirudi nyumbani, anakutana njiani na jirani yake, Clarisse, binti wa miaka 17. Uso wake una mwanga mpole, na Montag anakumbuka jambo la utotoni: umeme ulikatika, mama yake akatafuta mshumaa wa mwisho akauwasha, na ndani ya saa ile fupi chumba kikawa kidogo, cha wao wawili tu, wakatamani umeme usirudi upesi. Sisi tuliokulia kwenye mgao wa umeme tunaijua saa hiyo. Sasa tazama jambo hili linavyoivuruga insha ya kijana: moto mwema haukungoja mwisho wa kitabu. Umo tangu kurasa za mwanzo, nao umo ndani ya Montag mwenyewe, tangu akiwa mtoto. Kwa hiyo mabadiliko yake si kwamba alikuwa mbaya akawa mwema. Kuna kitu alikuwa nacho, kikafunikwa, na msichana mmoja kwa maswali yake akakifunua.

Kisha anaingia ndani. Chumba ni giza. Mguu wake unagonga kichupa cha vidonge vya usingizi kilichokuwa na vidonge 30, sasa hakina hata kimoja. Anawasha laita yake ya kazini, iliyochorwa salamanda, mjusi wa hadithi anayesemwa kuishi motoni, na katika mwanga ule mdogo anaona macho ya mkewe, Mildred, yamefumbuka lakini hayamwoni. Laita ileile ya kuchomea vitabu ndiyo inayomwonyesha kwamba nyumba yake imekufa kitambo. Asiupite ukurasa huo haraka.

Baada ya hapo ni yule bibi kizee aliyekutwa na vitabu nyumbani kwake. Mimi hapa ndipo moyo wa kitabu ninapouona. Zimamoto wamekuja na gari, mabomba na matanki, wamekwisha kuyamwaga mafuta, wanamwamuru atoke. Anafungua kiganja, na ndani yake mna njiti moja ya kiberiti cha jikoni. Anaiwasha mwenyewe. Zana zao zote zimeshindwa na kitu ambacho kila mama anacho karibu na jiko. Mwanzo, walipoingia, alikuwa ametamka maneno ambayo Montag hakuyaelewa, na wakirudi garini Kapteni Beatty, mkuu wa kituo chao, anamfafanulia: ni maneno ya Latimer kwa Ridley, wachungaji wawili waliochomwa moto hadharani Oxford tarehe 16 Oktoba 1555, kwamba siku hiyo watawasha mshumaa Uingereza ambao kwa neema ya Mungu hautazimwa kamwe. Mshumaa tena! Mwulize kijana: mshumaa wa mama yake Montag na mshumaa wa Latimer vimekutana kitabuni kwa bahati tu? Amwandikie mwalimu wake aya nzima juu ya hilo.

Sasa kuna mahali ambapo nina hakika kijana wako amepakwepa, kwa sababu wengi hupakwepa. Montag anaamriwa achome nyumba yake mwenyewe. Anaichoma, na anafurahia. Anaanza na vitanda viwili vya chumba cha kulala. Muda si muda analigeuza bomba la moto kwa Beatty na kumuua. Beatty ametoka tu kumwambia kwamba uzuri wa moto ni kuondoa wajibu na matokeo: jambo likikulemea, litupe tanuruni. Montag, akidhani anampinga mkubwa wake, amefuata somo lake neno kwa neno. Hii inavunja ule mstari ulionyooka wa uharibifu kwenda matumaini, na ndiyo sababu inafaa kuandikwa. Mtu anayebadilika hurudi nyuma. Insha itakayosema hivyo kwa ushahidi itasomwa kwa heshima.

Mwisho, akiwakimbia wanaomsaka na akishavuka mto, anaona moto kwa mbali porini. Anausogelea kwa hofu. Watu wameuzunguka, wamenyoosha mikono wanaota. Anashangaa, maana hajawahi kufikiri katika maisha yake kwamba moto unaweza kutoa, si kuchukua tu. Na tazama nani ameushika: hakuna. Haumo mkononi mwa mtu yeyote, umewekwa katikati yao.

Wewe umwulize kwa Kiswahili: nani ameushika hapa? Na hapa? Akikueleza kwa Kiswahili ukamwelewa, hoja anayo tayari, na kuiandika kwa Kiingereza ni kazi anayoiweza shuleni kila siku. Usimpe sentensi hata moja kati ya zangu. Mpe alama za penseli tu.

*

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tano, Dar es Salaam. Klabu yetu ya kusoma imekichagua kitabu hiki na tumebishana mpaka tukanuniana kuhusu Kapteni Beatty. Mimi nasema ni mhusika bapa, mwovu mwanzo mwisho. Mwenzangu anasema ni duara, yaani mwenye pande nyingi kama mtu halisi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako. Ila msipatane bado, kwa sababu neno "duara" likikaa peke yake halijamweleza Beatty hata kidogo.

Anza na jambo la ajabu lililo wazi: mkuu wa wachoma vitabu ndiye aliyesoma kuliko wote kituoni. Anajua Latimer na Ridley. Anamrushia Montag nukuu za washairi moja baada ya nyingine mpaka kichwa kinamzunguka. Mtu wa namna hiyo hakuvikuta vitabu akavichukia siku hiyohiyo. Alivipenda, akaviona vinapingana, vikamwacha bila jibu, akageuka. Chuki yake ina historia. Mwovu wa bapa hana historia.

Kisha soma maneno yake ya mwisho. Montag amemwelekezea bomba la moto, na Beatty, badala ya kunyamaza au kuomba, anamchokoza kwa mistari ya Shakespeare, pale Brutus anapomwambia Cassius kwamba vitisho vyake havimtishi, kwa kuwa amejihami kwa uaminifu. Tamthilia hiyo unayo kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere alitufasiria, toleo la kwanza mwaka 1963, na lililorekebishwa, Juliasi Kaizari, mwaka 1969. Ichukue, usome Brutus anaishiaje. Amemuua rafiki yake akiamini anatenda haki, ameshindwa vitani, na mwishoni anajitupa juu ya upanga alioushika mtu mwingine. Kati ya mistari yote aliyoihifadhi kichwani, Beatty amechukua ya mtu huyo. Muda mfupi baadaye, akiwa mbioni, Montag anasimama ghafla na kutambua kwamba Beatty alitaka kufa. Hapo mimi namwonea Beatty huruma, na huruma hiyo haiwezi kutoka kwa mhusika bapa.

Onyo moja. Miaka mingi baadaye Bradbury aliigeuza hadithi hii kuwa tamthilia ya jukwaani, na humo Beatty ana maktaba nzima nyumbani, vitabu asivyovifungua. Ni jambo la kusisimua, mtalikuta mkitafuta, na halimo katika riwaya. Mkiandika juu ya riwaya, msilitumie kama ushahidi.

Na wewe usimnunie mwenzako. Mtu anayeweza kukukasirisha kwa ajili ya mhusika wa kitabu ni rafiki wa kumshika.

*

SWALI: Hujambo Mwalimu. Nafundisha sekondari Mombasa na tumekuwa tukizungumza na wanafunzi wa fasihi kuhusu wahusika wasio binadamu. Yule Mbwa wa Mashine wa kituo cha zimamoto, anayewinda na kuua, tumhesabu mhusika au ishara?

JIBU: Sijambo mwalimu mwenzangu. Wahesabu kote kuwili, kisha waongoze kwenye swali linalozaa zaidi: kwa nini mashine hii imepewa umbo la mbwa?

Waonyeshe kwamba si peke yake. Gari la zimamoto linaitwa Salamanda. Magari ya barabarani yanaitwa mbawakawa. Viredio vya masikioni vinaitwa kombe, kama za pwani. Mashine inayofyonza sumu tumboni mwa Mildred inaelezwa kama nyoka mweusi anayeteremka kisimani. Mji mzima umejaa majina ya viumbe, na ndani yake hakuna kiumbe. Upande wa pili, watu wanasemwa kama vyombo: wale mafundi wawili wanaokuja kumsafisha Mildred damu si madaktari, wanavuta sigara wakifanya kazi, na wanasema kesi kama hiyo wanazipata tisa au kumi kwa usiku. Mashine zimechukua majina ya walio hai, na watu wamechukua ubaridi wa mashine. Kwa riwaya ya kisayansi hilo ni jambo la kulifuatilia sana, kwa sababu katika aina hii ya riwaya kifaa hakiwi pambo. Kifaa kinabeba hoja.

Mbwa mwenyewe ana miguu minane na sindano ndefu ya chuma. Askari humfungulia panya, kuku na paka usiku, wakawekeana dau atakamata yupi kwanza. Beatty anasema Mbwa hafikiri chochote wasichotaka afikirie. Montag anajibu kwamba inasikitisha, kwa kuwa kilichotiwa ndani yake ni kuwinda, kupata na kuua tu. Wasomeshe wanafunzi mstari huo mara mbili, halafu uwaulize anamsema nani. Wapo watakaosema Mbwa. Atatokea mmoja aseme Montag anajisema mwenyewe, na somo litaanza hapo.

Halafu wapeleke moja kwa moja porini baada ya mto. Montag anasikia kitu gizani, anaona macho mawili, anajua Mbwa amemfikia na mbio zote zilikuwa bure. Ni kulungu. Mnyama wa kweli, mwenye harufu na pumzi, na anamkimbia yeye. Montag amekaa mjini na mbwa wa bati kwa muda mrefu hivi kwamba mnyama hai anapojitokeza, akili yake inaona mashine kwanza. Sijui ukurasa mwingine kitabuni unaoeleza hasara ya watu wa mji ule kwa utulivu kama huu.

*

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nataka insha yangu niianze kwa kusema Bradbury alitabiri vifaa vya masikioni na televisheni za ukutani. Ni hoja nzuri?

JIBU: Marahaba. Si hoja, ni mshangao, na hauwezi kuendelea zaidi ya sentensi moja. Kusema alipatia kunaifanya riwaya kuwa utabiri wa hali ya hewa. Alikuwa akiwatazama watu wa wakati wake, mwanzoni mwa miaka ya 1950, televisheni zikiingia sebule za Marekani kwa kasi, akauliza itakuwaje wakizidi kuzoea.

Chukua sikio badala ya kifaa. Mildred analala na kombe masikioni, na baada ya miaka 10 amezoea kuzivaa kiasi kwamba anasoma midomo ya mumewe kuliko kumsikiliza. Baadaye Profesa Faber, mzee mwoga aliyewahi kufundisha fasihi, anampa Montag kifaa kidogo cha kijani, mithili ya risasi, alichokitengeneza mwenyewe. Kinaingia mahali palepale, sikioni. Kupitia hicho mzee anajitolea kumsomea usiku akilala. Teknolojia moja, tundu moja la sikio, na mambo mawili yasiyofanana kabisa. Faber mwenyewe amekwisha kumwambia Montag kwamba anachokitafuta si vitabu vyenyewe, ni vitu vilivyokuwamo ndani yake, na kwamba kuta za televisheni zingeweza kuvibeba vilevile. Anza insha yako na sikio la Mildred. Ila uwe mwangalifu na Montag pia: kwa saa kadhaa anaongozwa na sauti ya mtu mwingine, na yeye mwenyewe anaona hatari ya kubadilisha bwana tu.

*

SWALI: Je, ni lazima niweke maisha ya mwandishi kwenye insha?

JIBU: Si lazima. Weka jambo moja tu, na liwe limeshikamana na kitabu. Bradbury hakwenda chuo kikuu, alijisomesha maktaba. Kitabu hiki alikiandika kwa mara ya kwanza katika chumba cha chini cha maktaba ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwenye taipureta za kukodi, senti 10 kwa nusu saa, na ilimgharimu dola 9 na senti 80. Kama insha yako inahusu thamani ya maktaba, hapo una kitu cha kutumia. Kama inahusu Mildred, acha.

*

SWALI: Mwalimu, nilinunua nakala kuukuu ya Fahrenheit 451 kwa wauza vitabu wa barabarani Nairobi. Tukisoma pamoja na rafiki yangu, maneno ya kwake na ya kwangu hayalingani mahali kadhaa. Nimeuziwa kitabu feki?

JIBU: Huenda umepata kitu chenye historia ya kusikitisha. Mwaka 1967 wachapishaji wa kitabu hiki walitoa toleo maalumu la shule za sekondari, wakabadilisha sehemu zaidi ya 75 bila kumwambia mwandishi: wakatoa matusi na laana, wakatoa neno la kuharibu mimba, na mlevi mmoja wakamgeuza mgonjwa. Kuanzia mwaka 1973 ni toleo hilo lililokatwa ndilo pekee lililokuwa likiuzwa, hata kwa watu wazima. Bradbury aliligundua mwaka 1979, akadai maneno yake yarudishwe, yakarudishwa. Kitabu kinachopinga kukatwa kwa vitabu kilikatwa kwa miaka yote hiyo mikononi mwa wanafunzi walioambiwa wakichambue. Kila nikilikumbuka nachukia upya.

Tazama mwaka wa kuchapishwa, kurasa za mwanzo. Ukiangukia katika miaka hiyo, nakala yako itunze, lakini dondoo za insha uzitoe kwenye ya rafiki yako. Na kwa kuwa kurasa hutofautiana toleo kwa toleo, ukinukuu taja pia ni sehemu ya kwanza, ya pili au ya tatu ya riwaya. Anayesahihisha atakuta mstari wako bila kuhangaika.